Sakafu Tatu na Ndoo Mbili za Maji

Mwaka ule tulikula michembe kwa siagi ya kopo. Mtu wa Bariadi wa umri wangu ukimwambia hivyo hahitaji kalenda. Mvua ilikuja, ikachungulia, ikarudi ilikotoka. Mahindi yakakaukia kwenye urefu wa goti, na kila nyumba ikabaki na michembe, viazi vilivyokatwakatwa na kuanikwa juu ya mawe mpaka vikawa vigumu kama kwato za ng'ombe. Wakati huo huo maduka yaliyokaa miaka na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu, kwa sababu biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye gari alileta alichoweza. Kulikuwa na biskuti za pakiti, sabuni za kunukia, soda za rangi ambayo hakuna tunda lililo nayo, na siagi ya manjano kwenye makopo ambayo haikuchacha hata ukiisahau juani. Basi unachemsha michembe, unaipaka siagi, unakula njaa na utajiri kwenye sahani moja. Watoto waliumwa matumbo na hawakujali.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu ya Holo, rafiki yangu, ambaye tumemzika Migato majuzi. Nilikaa siku tatu kwenye sebule ya mwanawe, sebule nzuri, imewekwa marumaru nyeupe zinazoteleza kama mgongo wa kambale. Wanawake walivua viatu mlangoni kwa heshima, wakaingia wanalia, wakafika katikati na kuanza kuteleza na kushikana mabega kama watu wanaovuka mto. Mmoja alianguka kilio kikiwa kimepamba moto. Akanyamaza, akaangalia chini, akajishika kiuno, kisha akaendelea kulia, na sasa alikuwa analia kweli. Nikacheka. Msibani, na nywele hizi nyeupe, nikacheka mpaka nikajiziba mdomo kwa khanga. Binti wa Holo akanitazama vibaya. Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako angenitangulia kucheka. Sisi wawili ndio tuliochagua sakafu ya ofisi kubwa kuliko zote Bariadi." Akafikiri uchungu umenipanda kichwani. Hakuna aliyewahi kumwambia, na ndiyo maana naandika.

Ilikuwa hivi. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake. Mwaka ule wa michembe wakaruhusiwa watu binafsi pia, na kampuni moja ikaja kujenga ofisi upande wa barabara ya Dutwa, karibu na mahali ambapo baiskeli zilikuwa zinapumzika na marobota ya mizigo. Jina lake naliacha, maana sina ugomvi nayo. Walisema itakuwa ofisi ya kisasa, yenye kompyuta zitakazokumbuka kila mkulima na kila kilo yake. Sisi tuliokuwa tunakumbukana kwa majina ya ng'ombe tulisema haya, tutaona. Mimi na Holo tulipata kazi ya kuwapikia mafundi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina mtoto mmoja, Shija, ndiyo maana wote pale waliniita Mama Shija. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne. Ukiniuliza nilisomea nini hasa, nitakujibu sakafu.

Usicheke. Kusiliba sakafu kwa mavi ya ng'ombe ni kazi ya watu wenye akili. Mavi yawe mabichi, ya ng'ombe aliyekula majani na si pumba, uyachanganye na udongo wa kichuguu na majivu kidogo, uyapige maji mpaka mkono ukipita yafuate mkono. Unaanzia ukutani unarudi nyuma kuelekea mlangoni, kila mpigo nusu mwezi, ukimaliza umetoka nje na hakuna alama ya mguu wako. Yangu ilikuwa haipasuki. Watu wa Ngulyati walikuwa wanatuma mtu wiki mbili kabla ya harusi kuulizia kama nina nafasi. Leo wajukuu zangu wakisikia "mavi" wanakunja pua, kisha wanakwenda kukaa kwenye zulia ambalo halijaona maji tangu linunuliwe. Sisemi kitu.

Jiko letu lilikuwa banda la mabati manne lililoegemea ukuta wa ofisi ya muda ya Injinia Elisante, mtu wa Kilimanjaro, mpole, mwenye shati la mifuko mingi na penseli katika kila mfuko. Dirisha lake lilikuwa halijapata kioo. Moshi wetu uliingia kwake na maneno yake yalitoka kwetu, tukaona ni haki. Ndivyo tulivyosikia, Holo akisonga ugali na mimi nikichambua nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwamba jengo litakuwa na kantini. Chumba kizima cha kupikia, chenye bomba la maji ndani, meza ya saruji, mlango na kufuli. Injinia alimwambia mtu fulani kwenye simu ya upepo, "Kantini tutampa anayetupikia sasa, Bosi akikubali. Anapika vizuri." Nilisimamisha mkono na majani yangu. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimepika huku upepo ukinitia mchanga kwenye mlenda, na mvua ikija nashika sufuria kwa mkono mmoja na bati kwa mkono wa pili. Bomba ndani! Tangu siku hiyo nilianza kuota ule ufunguo. Nilijua hata nitauning'iniza wapi, shingoni, kwenye kamba ya katani, watu wauone.

"Umeanza kutembea kama mke wa diwani," Holo aliniambia.

"Nafanya mazoezi."

Siku moja Injinia alituita ndani ya jengo. Paa lilikuwa limeezekwa, chini kuna saruji iliyopigwa vizuri, mimi mwenyewe niliikagua kwa kisigino nikairidhia. Akasema, "Akina mama, humu kutakuwa na sakafu mbili."

"Chumba kimoja?" niliuliza.

"Chumba kimoja. Moja juu ya nyingine."

"Hii ya chini imekosa nini?"

Akacheka, akaeleza kwa subira. Kompyuta zina waya nyingi. Ukizifukia kwenye saruji, kila meza ikihama unavunja sakafu. Ukizipitisha darini, chumba kinakuwa kama kiota cha kwera. Kwa hiyo unasimamisha miguu ya chuma juu ya saruji, kila mguu una skrubu ya kupandisha na kushusha, juu yake unapanga vibao vya mraba, na waya zinapita chini kimya kimya. Ukitaka kurekebisha, unabandika kikombe cha mpira juu ya kibao, kinanyonya, unainua, unafanya kazi yako, unarudishia. Akatuonyesha. Holo aliinama akachungulia lile giza la chini, urefu wa mkono hivi.

"Na panya?" aliuliza.

Injinia akasita. Akatoa penseli akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona ameandika "panya" na kupiga mstari chini yake.

"Na nyoka?" nikauliza mimi, maana sikutaka Holo aandikwe peke yake.

Akaandika na nyoka.

Ubishi ulikuwa juu ya vibao. Aina zilikuwa tatu, na Bosi, aliyekuwa anakaa Mwanza, alitaka ushauri kabla ya kuagiza. Injinia akapanga kila aina kwenye kona yake, kipande cha ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Kona ya kwanza ilikuwa ya mbao, si mbao nzima, ni takataka za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kufunikwa plastiki ya kijivu. Nyepesi, nzuri kwa macho, inakanyagika kama mkeka. Kona ya pili ilikuwa ya kitu kama chokaa iliyobanwa, ngumu, baridi. Ya tatu ilikuwa kasha la chuma lililojazwa saruji tumboni, zito, watu wawili kwa kibao kimoja wakitukana. Ya mbao ingefika ndani ya wiki mbili. Ya chuma ingesubiri meli na lori, na msimu wa kununua pamba ulikuwa unakaribia. Hilo ndilo lililomvuta Bosi kwenye mbao. Na aliyemvuta zaidi ni wakala wa hizo mbao, Bwana Fadhili, kijana wa Dar es Salaam mwenye viatu vyenye ncha ndefu kama mdomo wa mtumbwi. Alitembea Bariadi nzima akiruka vinyesi vya mbuzi kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua.

Injinia alituachia maagizo, na maagizo hayo nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu ndiyo yaliyoleta yote. Alisema, "Mwezi mzima zitumieni hizi kama sakafu yoyote ile. Tembeeni, burutieni meza, pikieni chai hapo. Msizionee huruma."

Tukamtii. Nani amewahi kutuambia tusionee huruma kitu tukakataa? Wiki ya kwanza Holo alileta kinu chake. Mafundi walikuwa wanataka ugali wa mtama, kwa hiyo tulihitaji kutwanga, na kama ni kutwanga kwa nini tusitwange penye kivuli? Tukaweka kinu kona ya mbao. Kila mchi ukishuka, sakafu inarudisha, mchi unapanda wenyewe, Holo akasema mashine hii itatupunguzia kazi. Mpaka mchana kibao kilikuwa kimebonyea katikati kama godoro la wageni. Tukahamia kona ya chokaa, ikavumilia siku mbili, siku ya tatu ikakatika ncha kama biskuti. Tukahamia ya chuma. Ile ilinyamaza. Tulitwanga debe zima na ikatulia kama ng'ombe aliyeshiba anayecheua. Injinia alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, anaandika tu. Baadaye tulimsikia dirishani anamwambia Bosi kwa simu, "Kipimo cha mzigo wa kugonga tumekifanya kwa kinu. Ndiyo, kinu. Hapana Bosi, sijalewa."

Wiki ya pili akaja mzee Sitta wa Ngulyati, mkulima mwenye ng'ombe wengi, aliyetaka kuona mahali atakapolipwa pamba yake kabla hajaahidi kuwauzia. Nilimpokea mimi, tukaamkiana kwa Kisukuma, yeye akiniita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu ndani."

Akaweka mguu kwenye kona ya mbao. Sauti ikatoka, du. Akaurudisha mguu. Akagonga kwa fimbo, du du du, akageuza sikio kama anayesikiliza mimba ya ng'ombe.

"Mayu, nyumba hii ina tumbo."

"Ni la waya, baba. Waya zinapita chini."

"Waya gani zinahitaji kulala? Penye uwazi kama huu mimi najua kinachowekwa." Akashusha sauti. "Wamezika nani?"

"Hakuna aliyezikwa."

"Wewe unapika tu, utajuaje?" Akaenda kona ya tatu, akagonga. Ikajibu kwa sauti fupi, nzito. Akapanda kwa miguu yote miwili, akaruka kidogo, mzee mzima, shuka likampepea. "Hapa sawa. Hapa nitachukua hela. Pale," akaonyesha mbao kwa kidevu, "wakilipia pale, mimi pamba yangu nairudisha ushirika, hata kama watanilipa kwa maneno." Akaondoka bila kunywa uji. Mtu wa Ngulyati akiacha uji ujue ameogopa. Injinia alitoka nje akaniuliza, "Wako wengi wanaofikiri hivyo?" Nikamwambia, "Injinia, wewe ndiye wa ajabu hapa. Wanaofikiri hivyo ndio watu." Akaandika.

Lakini kilicholeta vita ni Jumamosi. Huku kwetu Jumamosi sakafu inaoshwa. Ya udongo inasilibwa, ya saruji inamwagiwa maji, haina mjadala, kama vile kuoga hakuna mjadala. Na sakafu mpya inaoshwa zaidi, kwa sababu ina vumbi la mafundi na macho ya watu. Jumamosi ya kwanza tulikuwa tumezidiwa na kupika. Jumamosi ya pili mimi na Holo tulikunja khanga, tukateka ndoo mbili za maji kwenye pipa la ujenzi, tukatia majivu, tukamwaga. Tukasugua kona zote tatu kwa ufagio wa njiti, tukainama, tukaimba, tukasukuma maji kuelekea mlangoni. Ya chuma na ya chokaa maji yalipita kwenye viungo yakaenda zake. Ya mbao maji yalipita kwenye viungo na hatukuyaona tena.

"Ina kiu," Holo alisema.

"Iongezee."

Tukaongeza. Hatukuwa na ubaya. Naapa kwa mtoto wangu, tulifikiri tunaitendea wema.

Jumatatu tulipofungua, kona ya mbao ilikuwa imeumuka. Umewahi kuona maandazi yaliyotiwa hamira nyingi na mtu asiyejua? Kila kibao kilikuwa kimevimba pembeni, kimesukuma mwenzake, vingine vimeinuka kama meno ya mzee anayecheka. Plastiki ya kijivu imebanduka, ndani mnaonekana unga wa mbao kama uji wa ulezi. Na pembeni, kwenye mguu mmoja wa chuma, mchwa walikuwa wameshapata habari. Walikuwa wamejenga kijia chembamba cha udongo kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka juu. Siku mbili tu! Mchwa wa Bariadi hawahitaji mwaliko. Holo alichota kidogo ule unga kwa kidole, akaunusa.

"Minza," alisema, na alikuwa haniiti jina langu ila mambo yakiharibika, "hii sakafu imepikika."

Bwana Fadhili alifika siku ile ile na basi la Mwanza. Aliposimama mlangoni alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanaume. "Nani amemwaga maji? Nani? Ninyi mna akili timamu? Hii inafutwa kwa kitambaa kibichi! Kitambaa! Kilichokamuliwa!"

"Kitambaa cha ukubwa gani?" Holo aliuliza, na alikuwa anauliza kwa nia njema, maana chumba kilikuwa kikubwa.

Baadaye Fadhili alitulia, na Fadhili aliyetulia alikuwa hatari kuliko anayepiga kelele. Alikuja jikoni, akakaa juu ya gogo letu viatu vyake vikiwa mbali na majivu, akaweka kopo jipya la siagi mbele yangu. Sasa akaniita dada. "Dada yangu, Bosi anakuja Alhamisi. Nimesikia habari ya kantini. Unastahili. Nikisema neno moja, ufunguo ni wako. Na wewe nisaidie neno moja. Mwambie Bosi uliambiwa utumie kitambaa, ukasahau ukamwaga ndoo. Omba radhi. Basi. Wenye kiwanda wakiona ni makosa ya matumizi, sakafu haina lawama, tunaagiza, msimu unafunguliwa, kila mtu anakula."

"Sikuambiwa kitambaa."

"Najua. Ni neno tu."

Niliangalia lile kopo. Niliangalia sufuria yangu iliyoota masizi, na mabati yanayopiga makofi kwa upepo. Nilitaka ule ufunguo, nisidanganye. Niliutaka mpaka mate yalinijaa. Lakini nilikumbuka mikono yangu. Nimesiliba sakafu tangu nikiwa na miaka tisa, watu wamezaliwa juu ya sakafu zangu na wamecheza harusi na wamelala wafu juu yake, na huyu anataka niseme mbele za watu kwamba sijui kuosha sakafu. Aniambie mimi mwizi, tutapigana yaishe. Lakini hilo!

Nikamwambia, "Siombi radhi. Nimeiosha kama sakafu. Kama haitaki maji, iiteni meza."

Alichukua kopo lake akaondoka nalo. Hilo nalo sijamsamehe, maana lilikuwa limeshakaa upande wangu.

Holo alinisema siku tatu mfululizo. "Samahani ni neno dogo. Mbuzi akikukanyaga unasema samahani. Juzi umejigonga kwenye mlango ukauambia pole."

"Mlango haukunidharau."

"Bomba ndani, Minza. Ndani! Ukitaka maji unazungusha. Mimi je? Nilikuwa nisaidie kukata vitunguu humo." Akaanza kulia machozi ya kweli, na hapo ndipo nilipoona kwamba si ufunguo wangu peke yangu. Nilikosa usingizi kwa hilo. Mpaka leo nikikaa peke yangu najiuliza kama nilikuwa na haki ya kuweka kiburi changu kwenye mizani na bomba la mwenzangu. Nilimuuliza mwaka juzi tu, tayari yuko kitandani, miguu imevimba. Akasema, "Mama Shija, nilikuwa nalia kwa sababu nilijua hutaomba, na nilijua mimi ningeomba." Kisha akaniomba nimkune mgongo.

Niwaambie mapema nani alipata nini, ili msiwe na haraka. Iliwekwa sakafu ya chuma na saruji, msimu ukachelewa siku chache, na mzee Sitta alichukua hela zake juu yake akirukaruka kwanza kila mara. Kampuni ilishaondoka, sasa humo ni duka la simu na vifaa vya umeme, na sakafu ni ile ile. Nimeingia mwaka huu nikaigonga kwa kisigino. Kantini alipewa mwanamke mwingine kutoka Mwanza, mpishi wa chapati, hakudumu. Sisi tulihamisha mabati yetu manne ng'ambo ya barabara, na makarani wote walivuka kuja kula kwetu, hata wenye kompyuta. Bomba la ndani nimelipata mwaka ambao mjukuu wangu wa tatu alizaliwa, na nilikaa mbele yake nusu saa nikifungua na kufunga.

Basi Alhamisi ile Bosi akaja na gari jeupe lililopakwa vumbi mpaka kwenye kioo. Mtu mnene, mwenye miwani, si mkali, mwenye haraka tu. Tuliingizwa kwenye chumba cha sakafu tatu: Bosi, Injinia, Fadhili, mimi na Holo. Mafundi walijazana dirishani wakijifanya wanapima fremu. Bosi aliizunguka kona ya mbao bila kuikanyaga, akasukuma kibao kwa ncha ya kiatu, kikabomoka.

Fadhili akasema kwa upole wa kanisani, "Ni matumizi, Bosi. Mama aliambiwa kitambaa, akamwaga ndoo. Ni mtu wa kijijini, tusimlaumu. Yuko tayari kuomba radhi."

"Ndoo mbili," Holo alisema. Alikuwa hawezi kuacha kosa la hesabu lipite.

Injinia alifungua daftari. Alisema mbele ya mwajiri wake, na ndiyo maana mpaka leo namwombea: "Bosi, mimi niliwaambia wazitumie kama sakafu yoyote. Hakuna aliyetajiwa kitambaa. Nimeandika hapa kinu, maji, mchwa, mzee wa Ngulyati."

"Umeandika na nyoka," Bosi alisema, akisoma.

"Ndiyo, Bosi."

Bosi alivua miwani akajifuta uso. Aliangalia saa. Halafu akatoa mfukoni ufunguo, mpya, wa shaba, bado una karatasi ya dukani, akaushika kwa vidole viwili. "Mama, mimi sina siku nzima. Huyu anasema hivi, huyu anasema vile. Injinia anasema unapika vizuri. Nataka kuagiza sakafu leo, na hii ya mbao inafika ndani ya wiki mbili. Sema samahani ya kawaida tu, tuandike, uchukue kantini yako, mimi nirudi Mwanza kabla gari halijachemka."

Nilisikia Holo anavuta pumzi na haitoi. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimesimama kwenye kona ya chokaa, kwenye ile ncha iliyokatika, kwa hiyo nilikuwa nimeinama upande kama kuku aliyevunjika mguu. Nikahama. Nikapanda kwenye ya chuma kwa miguu yote miwili. Nikasema vile vile nilivyomwambia Fadhili jikoni, ila sauti ilitoka nyembamba, ikanikwama katikati. Mafundi dirishani wakaangua kicheko, mmoja akadondosha kipimo chake.

Bosi hakucheka. Alirudisha miwani usoni, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Sikusikia. Hebu rudia."

Nikajaza kifua.

"Siombi radhi. Nimeiosha kama sakafu. Kama haitaki maji, iiteni meza."